Pili mara tatu

Marehemu baba yangu alikuwa na hukumu moja juu ya Porsche: "Hilo ni gari la lami." Alikulia Voi, na katika ujana wake Pasaka ilikuwa na mambo mawili, kanisa na Safari Rally, na nikikumbuka alivyokuwa akisimulia, kanisa ndilo lililoshika nafasi ya pili. Walisimama kando ya barabara ya vumbi, yeye na wenzake, wakihesabu magari: Datsun, Peugeot, Datsun, Ford, Peugeot tena. Halafu mara mojamoja ikaja sauti tofauti kabisa, kavu, kama mtu anayepasua mbao, ya injini inayopozwa kwa upepo. Hiyo ni 911. Inapita, watu wanapiga kelele, jioni redio inasema imepata matatizo. Kwa baba kesi ilikuwa imekwisha hapo. Wazungu wameleta gari la lami kwenye mawe, wamepata walichokitafuta.

Nilirithi hukumu hiyo kama mtu anavyorithi kabati, bila kufungua droo zake. Mwaka jana nilikaa siku tatu katika gereji moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, nikimtazama fundi mzee akifungua magurudumu ya nyuma ya 911 ya mwaka 1972. Nilikwenda kuandika makala fupi kuhusu watu wanaofufua magari ya zamani. Makala ilitoka, ikasomwa, ikasahaulika. Mimi nilirudi nyumbani na swali ambalo halikuenea katika makala ile. Porsche 911 ilimaliza ya pili katika Safari mwaka 1972, ikiendeshwa na Sobiesław Zasada wa Poland. Ikawa ya pili tena mwaka 1974, mikononi mwa Björn Waldegård wa Sweden, nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi yake ndogo ya Colt Lancer. Ikawa ya pili mara ya tatu mwaka 1978. Gari la lami haliwezi kuwa la pili mara tatu katika mbio za tope, mawe na mito. Basi kwa nini halikuwa la kwanza hata mara moja?

Jibu, au sehemu kubwa ya jibu, lilikuwa limelala sakafuni kwenye gereji ile, juu ya gunia lililolowa oili.

Ili kulielewa inabidi kurudi nyuma kidogo, hadi kwa gari ambalo wengi wetu tumewahi kulipanda. Tarehe 10 Agosti 1931, ofisi ya uhandisi ya Ferdinand Porsche iliwasilisha maombi ya hataza ya springi ya aina mpya. Badala ya chuma kilichopindwa kama parafujo, au mabati yaliyopangwa moja juu ya jingine kama ya lori, ofisi hiyo ilipendekeza nondo iliyonyooka tu. Upande mmoja wa nondo unakazwa kwenye mwili wa gari usizunguke. Upande wa pili unashika bati linaloelekea kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, bati linaisokota nondo. Jiwe likipita, nondo inajisokotoa na kulirudisha gurudumu chini. Mafundi wetu huiita tosheni, na wanaijua sana kwa sababu pikapu nyingi zinayo mbele. Haichukui nafasi, haina kelele, na ikiwa chuma chake ni kizuri inaishi kuliko gari lenyewe.

Springi hiyo ikaingia katika Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, gari lililozaliwa kwa amri ya Hitler. Historia ina ucheshi wake mchungu: mwaka 1953, Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari, walowezi walianzisha mbio za magari kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Waliziita Coronation Safari. Mwaka uliofuata mshindi alikuwa Vic Preston, na gari lake lilikuwa Volkswagen hiyohiyo. Gari la Hitler likashinda mbio za malkia. Likashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962.

Lilishindaje magari makubwa yenye nguvu? Kwa kuwa injini yake iko nyuma, imekalia magurudumu yanayosukuma. Pasaka huangukia karibu na mwanzo wa masika, na waandaaji waliipenda tarehe hiyo kwa sababu hiyohiyo. Kwenye tope la udongo mweusi, gari lenye injini mbele na magurudumu ya kusukuma nyuma huwa na mkia mwepesi. Magurudumu yanazunguka tu, yanachimba kaburi lao. Volkswagen mkia wake ndio uzito wake. Inang'ata ardhi na kutoka.

Porsche 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, ni mjukuu wa gari hilo. Injini nyuma ya ekseli, kupozwa kwa upepo, nondo za tosheni zimelazwa kwa upana ndani ya bomba mbele ya giaboksi. Takriban asilimia 60 ya uzito wote uko nyuma. Kilichobadilika ni jinsi gurudumu linavyoshikwa. Kwenye Volkswagen nusu ya ekseli ilikuwa inabembea kama bawa, na ukiingia kona kwa pupa gurudumu lilijikunja chini ya gari. Kwenye 911 wakaweka mkono mpana uliopinda kama ndizi, unaoanzia karibu na giaboksi na kurudi nyuma hadi kwenye gurudumu. Ubavuni mwake kuna lile bati la springi linalotoka kwenye nondo. Mkono na bati vinafungwa pamoja kwa bolti karibu na gurudumu. Mkono unashikilia gurudumu lisiyumbe, bati linabeba uzito.

Ndivyo ilivyo kwenye mchoro. Gerejini nilijifunza kwa masikio kwanza.

Siku ya kwanza haikuwa na kitu ila nati moja. Nati ya kitovu cha gurudumu la nyuma imekazwa kwa zaidi ya Nm 300, na lazima ilegezwe gari likiwa bado chini, la sivyo utalivuta gari lianguke kutoka kwenye stendi. Mzee alichomeka spana ya soketi, akatia bomba la maji la karibu mita mbili kwenye mpini, akapanda juu ya bomba, akaruka. Hakuna kilichotokea. Akamwita kijana wake wa kazi, wakaruka wawili. Nati ikalia kama mlango wa kaburi. Mzee akashuka, akafuta mikono, akasema, "Chai."

Ni mtu wa miaka sabini na ushei. Alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akifagia kwenye gereji ya Volkswagen, na kwa maneno yake hajawahi kusomea 911. "Nilisoma Volkswagen. Hii ni mtoto wake aliyeenda shule." Ni mtu wa maneno machache, na nilipomsumbua kwa maswali alinijibu kwa kunipa kazi: shika tochi, shika bolti, hesabu.

Siku ya pili gari likapandishwa jeki na kuwekwa kwenye stendi. Kabla ya kutoa bolti ya chini ya shokamzoba aliweka jeki ya pili chini ya mkono wenyewe, kwa sababu kwenye gari hili shokamzoba ndiyo inayozuia mkono usishuke kupita kiasi. Bomba la breki likafunguliwa na kuzibwa. Kamba ya hendibreki ikatolewa, kisha nusu-ekseli na bolti zake zilizojaa grisi. Halafu akachukua tindo ndogo na kukwaruza alama kwenye bolti mbili ambazo vichwa vyake haviko katikati. Ukizizungusha hizo, gurudumu linainama au kugeuka kidogo. "Hapa ndipo mwenye haraka anapolia," alisema. Bila alama, unarudisha kila kitu vizuri kabisa na gari linakwenda upande kama kaa.

Nilikuwa nahesabu: kabla hujafika kwenye mkono wenyewe, umeshagusa kitovu, breki, hendibreki, shokamzoba, nusu-ekseli na pembe za gurudumu. Niliandika orodha hiyo kwenye daftari bila kujua bado kwamba ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Kisha likaja lile bati. Nje ya bomba la tosheni kuna kifuniko chenye bolti nne. Ukikitoa unaliona bati limekaa juu ya kingo ndogo ya chuma, na nondo iliyo nyuma yake bado imesokotwa. Haijali kwamba gurudumu halipo. Inataka kujisokotoa, na kinachoizuia ni hiyo kingo ya upana wa kidole. Kazi ni kulibanja bati kwa mtaimbo hadi liteleze nje ya kingo, kisha lidondoke lenyewe hadi mahali nondo inapotulia.

"Binti, toka hapo."

Nilikuwa nimechuchumaa nione vizuri. Nikasogea. "Zaidi." Nikasogea zaidi, hadi ukutani. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto vizuri kwa mara ya kwanza: kidole cha shahada kinaishia kwenye kiungo cha kati. Aliniona ninatazama. "Hicho kilibaki kwenye Volkswagen," alisema, akabanja. Ulikuwa mlio mmoja, mzito, na bati likawa limeelekea chini. Yaani sikuliona likienda. Lilikuwa juu, halafu lilikuwa chini.

Nimesoma vitabu kadhaa vya historia ya Safari. Vina majina ya madereva, ya wasomaji ramani, ya mameneja, hata ya watengenezaji wa matairi. Hakuna nilipokutana na hesabu ya vidole.

Nondo ilipotoka niliruhusiwa kuishika. Ina unene wa milimita 23, nyembamba kuliko nilivyotarajia kwa kitu kinachobeba robo ya gari, imepakwa rangi, na mwishoni imepigwa herufi L. Ya kulia ina R. Zimesokotwa kiwandani kila moja kwa upande wake, na ukizibadilishana unaziua taratibu. Mzee aliifunga kwenye taulo kama mtoto, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu wa ngozi yake unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kisha akanionyesha meno. Ncha ya ndani ina meno 40, ncha ya nje 44. Nilidhani ni kosa la kuhesabu, nikarudia. Kumbe hapo ndipo akili ilipo. Jino moja la ndani ni nyuzi 9. Jino moja la nje ni nyuzi 8 na kidogo. Ukirudisha la ndani jino moja nyuma na kusogeza la nje jino moja mbele, umebadilisha kimo cha gari kwa tofauti ya hayo mawili, chini ya nyuzi moja. Ni rula iliyofichwa ndani ya springi. Nzuri mno, ukiwa gerejini, ukiwa na chai, na hakuna anayekusubiri.

Sasa mkono wenyewe. Mikono ya 911 ilikuwa ya chuma hadi magari ya mwaka 1974, ndipo yakaja ya aluminiamu. Urefu wake pia una historia. Magari ya mwanzo yalikuwa na tabia mbaya ya kurusha mkia kwenye kona, na dawa ya kwanza ya kiwanda ilikuwa ya aibu kidogo: vipande vya chuma vya kilo 11 kila kimoja vilifichwa kwenye pembe za bampa la mbele ili kuizidishia pua uzito. Dawa ya kweli ilikuja na magari ya mwaka 1969. Walirefusha mikono ya nyuma, magurudumu yakarudi nyuma milimita 57, injini ikabaki palepale. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukatoka milimita 2,211 hadi 2,268. Gari likatulia. Tatizo la gari zima lilitibiwa kwa mkono ule.

Huo uliolala kwenye gunia ulikuwa wa chuma, na haukuwa kama ulivyotoka kiwandani. Sehemu ya chini, inapopinda, ilikuwa imeongezwa bati na kuchomelewa. Mshono wake ulikuwa mnene, wenye mawimbi. Mzee akapitisha kidole gumba juu yake polepole. "Hii imechomwa kwa gesi. Na imechomwa njiani." Nikamuuliza anajuaje. Akanionyesha: mchanga mwekundu umenaswa ndani ya rangi chini ya mshono. Mtu aliupaka rangi hapohapo, ungali wa moto, vumbi likiwa hewani. Pembeni kidogo mwa mshono ule, kwenye chuma cha asili, kulikuwa na ufa mpya wa urefu wa kijiti cha kiberiti. Kiraka kilikuwa kimeshika. Chuma jirani ndicho kilichochoka.

Hapo nilimkumbuka baba, na nikairudia ile orodha kwenye daftari.

Mwaka 1978 Porsche walikuja na magari mawili ya 911 SC, yameinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, yenye injini ya lita tatu. Waldegård alikuwa kwenye moja. La pili lilikuwa na Vic Preston Jr., mwana wa yule Preston aliyeshinda kwa Volkswagen mwaka 1954. Mbio zilikuwa za takriban kilomita 5,000, masika yakiwa yamefunguka kwelikweli. Waldegård aliongoza hadi sehemu ya nyuma ya gari lake ilipovunjika, akapoteza muda ambao haukurudi tena, akamaliza wa nne. Preston akawa wa pili. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504.

Hukumu ya baba ingesema: unaona? Lakini kwenye Safari kila gari lilivunjika. Peugeot zilivunjika, Datsun zilivunjika, na Ford Escort iliyomshindisha Hannu Mikkola mwaka 1972 haikufika mwisho ikiwa bikira. Safari haikuwa mbio za gari lisilovunjika. Ilikuwa mbio za dakika za adhabu, na swali lilikuwa kuvunjika kunakugharimu nini. Uzito uleule unaoitoa 911 kwenye tope ndio unaotua juu ya mkono wa nyuma gari linapoanguka kwenye shimo. Na mkono huo ukivunjika, ili kuufikia unapita kwenye vitu sita vingine, na kimoja kati ya hivyo kinahitaji wanaume wawili juu ya bomba. Tulitumia siku mbili, sawa, na chai nyingi. Mafundi wa timu walikuwa wepesi kuliko sisi mara nyingi. Lakini orodha ni ileile hata kama una mikono minane na lori la spea.

Kwa hiyo naona baba alikosea nusu. 911 ilikuwa gari la mawe na tope, pengine zuri kuliko yote yaliyokuja miaka ile. Tatizo ni kwamba walioichora waliwaza kwamba ikivunjika itakuwa karibu na gereji. Hilo, ukipenda, ni wazo la watu wa lami.

Waldegård mwenyewe hakuwa na shida na Safari. Aliishinda kwa Ford Escort mwaka 1977, kisha mara tatu kwa Toyota Celica, ya mwisho mwaka 1990. Kilichombakia ni Porsche. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi kwenye Safari ya magari ya zamani, ile inayoitwa Safari Classic, mwanawe Mathias akimsomea ramani, gari likiwa 911. Akashinda. Miaka 33 baada ya ule mwaka wa 1978. Tangu hapo 911 zimeshinda mbio hizo mara kadhaa, na ukichungulia chini ya gari lililoandaliwa kwa ajili yake utakuta mara nyingi mkono wa nyuma umevikwa mabati na kuchomelewa kwa ustadi, kabla haujavunjika. Wanaoyaandaa wana nakala ya mtihani wa zamani na majibu yake. Waldegård alifariki mwaka 2014.

Mwenye gari letu aliagiza mkono mwingine kutoka Ujerumani. Ulifika kwenye sanduku la mbao, mweusi, safi, bila hadithi yoyote. Nilimwomba mzee anipe ule wa zamani. Nilikuwa na mahali pake tayari, juu ya rafu yangu, karibu na picha ya baba.

"Ukaufanyie nini?"

"Ukumbusho."

Akanitazama kama niliyemwomba nyundo ili nipambe ukuta. "Hiyo si ukumbusho, binti. Hiyo ni spea." Akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ufa ukiwa umezungushiwa chaki.

Siku ya tatu tulirudisha nondo. Aliichomeka ikiwa na L nje, bati likakaa chini mno, akaitoa. Akarudisha jino moja ndani, akasogeza jino moja nje, akapima pembe, akatikisa kichwa, akaitoa tena. Mara ya nne nilishika tochi bila kuambiwa, nikasimama mbali na bati.